Masurufu Chini ya Godoro

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya ukurasa, nami nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa sehemu kubwa kwa sababu mwandishi wake ameuliza jambo linalowasumbua wengi wanaojitolea kuwasaidia wenzao. Majina yote yamehifadhiwa.

SWALI: Shikamoo, Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Makorora hapa Tanga, na asubuhi ninauza maandazi na mbaazi. Dada yangu alifariki mwaka jana. Mwanawe wa miaka 10 ninaye mimi tangu mwezi wa nne, baada ya kukaa kwa baba yake mkubwa Handeni, kisha kwa bibi yake Korogwe. Mtoto hana kelele, lakini anaiba. Wiki iliyopita sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani hadi kitandani kwake. Nilipoinua godoro nikakuta maandazi matano yamefungwa kwa karatasi ya daftari la hisabati, mawili yameshaota kuvu. Ndani ya kiatu chake cha shule mlikuwa na shilingi 2,300, zote sarafu za kutoka kwenye kopo langu la mauzo. Nimemchapa mara mbili, akaacha siku chache, akarudia kwa ujanja zaidi. Mwalimu wake anasema ni mkaidi. Jirani anasema ana shetani, apelekwe akatolewe. Kikundi chetu cha akina mama kilipata mafunzo mafupi ya unasihi, tukafundishwa nadharia za wanasaikolojia, na kila mmoja ana lake: wa kwanza anasema tutazame utoto, wa pili thawabu na adhabu, wa tatu kuiga, wa nne anasema msikilize tu. Nimerudi nyumbani na daftari lililojaa, na mtoto ni yuleyule. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa dada yako, ambao naona umeutaja kwa sentensi moja ukapita haraka, nitaurudia.

Kabla sijagusa nadharia yoyote, hebu turudi kwenye kile kiatu. Mtoto wa miaka 10 mwenye shilingi 2,300, anayeishi Makorora ambako huendi nyumba nyingi bila kukuta duka au genge, angeweza kununua ubuyu, karanga na ashkrimu mpaka aumwe na tumbo. Huyu hakununua chochote. Maandazi nayo hakuyala, hata yale yaliyoanza kuharibika. Anayeiba kwa njaa hula, na anayeiba kwa tamaa hutumia. Mwanao hali wala hatumii, anaweka. Wewe, mwalimu na jirani mmelitazama tendo la kuchukua, ilhali jambo lenyewe limo katika tendo la kuhifadhi. Ukiniuliza nadharia ina kazi gani, nitakujibu kwamba kazi yake ya kwanza ni hiyo, kukufanya uulize swali ambalo neno "mwizi" lilikuzuia usiulize.

Tuanze na wale wanaotutaka tutazame utoto. Mwaka 1944 daktari Mwingereza, John Bowlby, alichapisha uchunguzi wake wa watoto 44 wenye tabia ya kuiba, waliopelekwa kwenye kliniki aliyofanyia kazi London. Kati yao aliwatenga 14 ambao walionekana baridi, kana kwamba hawamjali mtu yeyote, na 12 kati ya hao 14 walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu walipokuwa wadogo sana. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, na aliyewapima watoto ndiye huyohuyo aliyetaka kuona jibu, kwa hiyo nisingeuchukua kama hukumu. Baadhi ya wanawake waliosoma kazi za Bowlby walimlaumu pia kwa kumbebesha mama kila kosa la dunia, na lawama hiyo naiunga mkono. Hata hivyo, nadharia aliyoijenga baadaye, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita nadharia ya uambatano, imesimama vizuri. Inasema kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kuwa karibu na mtu anayemtegemea, kama anavyozaliwa na haja ya chakula, na kwamba mtu huyo akitoweka, mtoto huanza kuishi kwa tahadhari.

Sehemu muhimu ya nadharia hiyo ilizaliwa hapa jirani. Katikati ya miaka ya 1950, Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alikaa Uganda na kuzitembelea mara kwa mara familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga wakiwa majumbani mwao badala ya kuwaita maabara. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchezea kitu, kisha akigeuka kuhakikisha mama yupo, kisha akiendelea na mchezo. Mama kwa mtoto yule alikuwa kama gati kwa chombo, ambacho huthubutu kwenda mbali kwa sababu kinajua pa kurudi. Aliona vilevile kwamba mtoto anayelelewa na mikono mingi, bibi, shangazi na dada, naye hujifunga kwa watu wake, jambo ambalo sisi huku hatukuhitaji kuambiwa.

Sasa mhesabie mwanao magati. Kwa mama yake, kwa baba yake mkubwa Handeni, kwa bibi yake Korogwe, na sasa kwako Tanga. Kila alipoanza kuzoea sahani ya pale, aliambiwa afunge begi, na sidhani kama kuna mtu aliyemweleza kwa nini. Kwa jicho hilo, kilichokuwa chini ya godoro ni masurufu: chakula cha njiani na nauli, vimewekwa tayari na mtu anayejua kwa uzoefu kwamba safari haiko mbali. Nakutia moyo katika jambo moja. Wale watoto 12 wa London walitengwa na mama zao wakiwa wadogo sana, lakini mwanao alikuwa na mama yake kwa miaka mingi kabla ya mauti kumchukua. Anajua kupendwa kukoje, hata kama hivi sasa hathubutu kukutegemea.

Wa pili kwenye daftari lako, yule wa thawabu na adhabu, bila shaka ni B. F. Skinner wa Marekani. Watu humdhania kuwa ni mtu wa fimbo na peremende, ilhali yeye alisisitiza kwamba adhabu huizima tabia kwa muda tu, hasa pale mwadhibu anapokuwapo, na kwamba anayeadhibiwa hujifunza zaidi kumkwepa anayemwadhibu. Barua yako imelithibitisha hilo bila wewe kukusudia, uliposema kwamba alirudia kwa ujanja zaidi. Viboko vyako viwili vilimfundisha kuficha. Lililo bora kwa Skinner ni nidhamu ya kutazama: nini kilitangulia tendo, na nini kilifuata. Chukua kurasa za mwisho za daftari lako la mafunzo, na kwa wiki mbili andika kila mara kitu kinapopotea: siku gani, saa ngapi, nani alikuwapo, na nini kilizungumzwa nyumbani kabla ya hapo. Nitashangaa usipoona kwamba vitu hupungua kwenye kopo siku ulizochelewa kurudi kutoka sokoni, au siku ambazo mmetembelewa na watu wa ukoo mkazungumza kwa sauti ya chini huku yeye yuko chumba cha pili.

Kuhusu yule wa kuiga, Albert Bandura, sitasema mengi. Mwaka 1961 alionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa hewa walimpiga mwanasesere huyo kwa namna ileile walipoachiwa naye. Wewe una watoto wengine wawili wanaomtazama mama yao akimchapa binamu yao na kumwita mwizi. Kesho watamwitaje?

Mwalimu naye anastahili maelezo, kwa kuwa kosa lake ni letu sote. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliandika juu ya mwelekeo wa binadamu wa kueleza matendo ya mwenzake kwa tabia yake ya asili, huku akidharau hali inayomzunguka. Mimi nikichelewa, daladala ndiyo iliyoniangusha. Wewe ukichelewa, wewe ni mvivu. Mwalimu amemwona mtoto kwa saa chache za darasa na akahitimisha kwamba ukaidi umo ndani yake. Nenda ukamweleze kwa upole habari za zile nyumba nne, kwani inawezekana hakuna aliyewahi kumwambia.

Na jirani? Sisi watu wa Tanga nchi nzima inatutania kwa uganga, kwa hiyo sitajifanya sijui anachosema. Kisomo na dua ya mtu mzima anayemwekea mtoto mkono kichwani kwa upole havipingani na lolote nililoandika hapa. Lakini mtu atakayesema mtoto afukizwe mpaka akohoe, afungwe au anyimwe chakula, mtu huyo usimfungulie mlango.

Wa nne ni Carl Rogers, ambaye katika makala yake ya mwaka 1957 alitaja masharti yanayomwezesha mtu kubadilika mbele ya msaidizi wake, matatu yakiwa ndiyo yaliyokumbukwa zaidi: msaidizi awe mkweli asiyevaa sura ya bandia, ampokee mtu bila kumwekea masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kama yule mtu anavyoyaona. Hicho ndicho ulichoandika wewe kuwa ni "msikilize tu", lakini hiyo "tu" ndiyo ngumu. Usimketishe mtoto mbele yako kama mshtakiwa. Jioni unapochambua mbaazi, mpe ungo upande mmoja nawe ushike upande wa pili, wote mkitazama mbaazi. Watoto wa umri huo huzungumza vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa na pa kwenda. Mwambie, "Niliona umeweka maandazi. Nadhani unaogopa yasije yakaisha." Kisha nyamaza. Akijibu, usimsahihishe, asipojibu, endelea kuchambua, na kesho yake ungo uwepo palepale.

Umeniuliza umfuate nani. Wavuvi wetu wana dema, wana mshipi, wana nyavu, na sijasikia mvuvi akila kiapo kwa dema. Hutazama ni samaki gani na anakaa wapi, ndipo achague. Bowlby amekuonyesha mtoto anaogopa nini, Skinner atakuonyesha woga huo huamka saa ngapi, Bandura amekuonya juu ya fimbo, na Rogers amekupa mlango wa kuingilia. Nadharia inayokufanya ufunge daftari na kusema "basi, nimeshamjua" imeshakupoteza, hata kama aliyeitunga ameiandika vizuri.

Basi fanya hivi. Mtafutie kopo lenye mfuniko unaobana, lile la maziwa ya unga linafaa, na umwambie kwamba ni lake. Kila jioni mjaze pamoja: andazi moja, karanga kidogo, chochote kilichopo. Usilikague na usiulize amekula au hakula. Pengine kwa wiki kadhaa utaona kila kitu kinabaki mle, na siku moja utalikuta tupu kwa sababu amekula akiwa anacheza, kama mtoto mwingine yeyote. Zile fedha azirudishe yeye mwenyewe kwenye kopo la mauzo, bila hotuba, kisha mpe kazi ya kuhesabu sarafu pamoja nawe kila asubuhi mauzo yakiisha. Unapotoka, mwambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na ukichelewa umwombe radhi. Usimwahidi kwamba hutakufa, kwa sababu anajua akina mama hufa. Mwambie ni nani atakayemlea ukipatwa na jambo, na uwe umezungumza na mtu huyo kweli.

Ikipita miezi mitatu bila nafuu, au mapema zaidi ukiona halali, anakojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, anakataa chakula au anazungumza habari za kumfuata mama yake, usingoje. Nenda Hospitali ya Bombo uulize huduma ya afya ya akili, au umwone afisa ustawi wa jamii. Ipo pia simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto anaweza kuipiga.

Nilisema nitaurudia msiba. Yule aliyekuwa mama wa mtoto huyu alikuwa dada yako. Mko wawili katika nyumba hiyo mliofiwa na mtu mmoja, na kwa barua yako sioni dalili kwamba mmewahi kulitaja jina lake mbele ya kila mmoja. Jioni moja, kwenye ule ungo, mtaje. Mwambie alikuwaje alipokuwa na miaka 10.

SWALI: Bibi, mimi ni dereva wa bodaboda Pangani. Ninabeti mipira kwenye simu. Nimeliwa mara nyingi sana kuliko nilivyokula, hesabu ninaijua, na kila usiku ninajiapiza. Asubuhi narudia. Mke wangu anasema sina akili. Ni kweli?

JIBU: Akili unayo, mwanangu, ndiyo maana unaijua hesabu. Umenaswa na kitu ambacho hakiendeshwi kwa hesabu. Skinner, huyohuyo niliyemtaja hapo juu, aligundua katika majaribio yake ya njiwa na panya kwamba mnyama anayelipwa kila anapobonyeza kitufe huacha upesi malipo yakikoma, lakini anayelipwa mara mojamoja, bila kujua lini, hubonyeza na kubonyeza hata baada ya malipo kukoma kabisa. Mkeka wako, ile orodha ya timu unazobetia, hulipa kwa mtindo huo. Timu nne zikipatia na ya tano ikaharibu dakika ya 89, mfukoni umepoteza kama aliyekosa zote, lakini moyoni unahisi kwamba ulikaribia, na kukaribia huko kunakusukuma kama ushindi mdogo.

Kuna la pili. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba maumivu ya kupoteza huwa makali kuliko raha ya kupata kiasi kilekile, na kwamba mtu akishajiona yuko kwenye hasara huthubutu mambo ya hatari ambayo asingethubutu akiwa salama. Ndiyo maana unabeti kwa ukali zaidi jioni ile ambayo umeshaliwa, ukitaka kurudisha.

Viapo vya usiku havitakusaidia, maana anayeapa ni mtu aliyechoka na anayebeti ni mtu aliyeamka na simu mkononi. Badilisha mazingira badala ya kujitukana. Fedha za hesabu ya tajiri na za nyumbani zitoke mikononi mwako kabla ya saa ambayo huwa unabeti; mke wako azipokee saa kumi jioni, kila siku. Ifute programu hiyo na uiombe kampuni ikufungie akaunti. Kaa kijiwe kingine kwa mwezi mmoja, kwa kuwa najua kijiweni kwenu mkeka husomwa kwa sauti. Na umwonyeshe mke wako jibu hili. Kama umekopa kwa siri, mwambie leo hii, kabla mwenye deni hajafika mlangoni.

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mwandishi. Mimi ni mtu mzima, ninaishi Muheza. Jirani yangu amefiwa na binti yake. Vijana waliosoma wananiambia kuna hatua tano za majonzi, nimsaidie azipite. Mimi ninakwenda kukaa naye tu, wakati mwingine hatuzungumzi. Je, ninakosea?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Hukosei. Hatua tano hizo, yaani kukana, hasira, kubembeleza, huzuni nzito na kukubali, ziliandikwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe. Baadaye watu walizihamishia kwa wafiwa na kuzifanya ngazi ambayo kila mtu lazima aipande kwa mpangilio. Wengi waliofiwa hawapiti hivyo: leo hucheka na wageni, kesho hawezi kuinuka kitandani, baada ya mwezi hukasirika kwa sababu ya sufuria. Ukimhimiza jirani yako kwenda hatua inayofuata, utamwongezea mzigo wa kudhani kwamba hata kulia hajui.

Unachokifanya kina watetezi wasomi, ukihitaji kuwajibu vijana. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza mjini Harare kwa kuwafundisha akina bibi 14 kukaa na watu kwenye benchi, nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kulichambua tatizo mojamoja. Akina bibi hao walilitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza mno, badala ya majina ya kitabibu ambayo humtisha mgonjwa. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2016 ukihusisha watu 573, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Nina ombi moja tu juu ya ratiba yako. Wiki za mwanzo nyumba ya matanga hujaa watu, na chai hupikwa na kila mtu. Nenda zaidi baada ya arobaini, majamvi yakishakunjwa, hasa ile saa ya alasiri ambayo binti yake alizoea kurudi. Chukua ukili wako ukasukie huko.